Blada kwenye batani ya kushoto

Pita kwenye viwanda vya Changamwe, Miritini au Shimanzi, popote panapokatwa bati au kukandamizwa alumini, uzitazame mashine za presi kwa makini kidogo. Si muda utaona kipande cha blada, ule utepe wa mpira unaokatwa kwenye tyubu kuukuu ya lori, ambao hapa Pwani tunafungia kila kitu, kuanzia magodoro juu ya matatu hadi madumu kwenye mkokoteni wa maji. Kwenye presi umepewa kazi nyingine. Umezungushwa kwenye batani ya kushoto, ukavutwa ukakaza, na batani imebaki imebonyea mchana kutwa. Opareta anabonyeza ya kulia peke yake, na mkono wa kushoto umepata uhuru wa kuingia na kutoka ndani ya dai, lile umbo la chuma linalokata au kukandamiza bati.

Mimi ni fundi wa stima za mashine, na blada za namna hiyo nimezikata nyingi. Meneja akiziona husema vijana wa siku hizi hawasikii. Afisa wa usalama hubandika karatasi nyingine ukutani. Mimi nimefikia mahali pa kuisoma blada kama lalamiko ambalo mtu hakuliandika. Hakuna opareta anayefunga batani kwa kuvichukia vidole vyake. Amefunga kwa sababu kuna kitu kwenye ile mashine, au kwenye namna anavyolipwa, kinachofanya kazi ya mikono miwili imle. Kitu hicho kisipotafutwa, ukikata blada saa mbili asubuhi, saa nne utakuta kabari ya mbao.

Kwa asiyezijua mashine hizi: presi ina kichwa kizito kinachoshuka na kupanda. Nusu ya juu ya dai imefungwa kwenye kichwa, nusu ya chini imekaa mezani, na bati lililo katikati linakatwa au kupewa umbo. Hapo ndipo vinapotoka vifuniko vya makopo, bawaba za milango na mifuniko ya sufuria. Nguvu yake huhesabiwa kwa tani, na kidole kikiwa katikati hakipunguzi mwendo hata kidogo. Ndiyo maana zikawekwa batani mbili. Kichwa hakitakiwi kushuka mpaka mkono wa kulia uwe kwenye batani yake na wa kushoto kwenye yake, yote miwili nje ya dai.

Kanuni za kimataifa za batani hizi zimo kwenye kiwango kiitwacho ISO 13851, na ukikisoma utadhani kimeandikwa na mtu aliyekaa miaka kwenye kona ya kiwanda akiwatazama wajanja. Kuna atakayetanua kiganja, gumba huku na kidole cha mwisho kule, abonyeze zote mbili kwa mkono mmoja. Basi batani ziachane angalau milimita 260. Kuna atakayeweka kiganja kwenye moja na kiwiko kwenye nyingine. Basi ziachane milimita 550, bila kuzidi 600 hivi, maana mabega ya watu nayo yana kipimo chake. Kama nafasi hiyo haipo, uwekwe ukingo wa kutenganisha. Atakuja wa kusukuma kwa tumbo au kwa goti, na mwingine wa kulaza ubao juu ya batani zote mbili auegemee. Hao dawa yao ni kofia ya chuma juu ya kila batani, iliyoachwa wazi upande mmoja tu unaopitisha mkono.

Mtu wa blada naye amefikiriwa. Kiwango kinagawa vifaa hivi kwa aina, na ile kali zaidi, aina ya III, inataka batani zote mbili zibonyezwe kwa wakati mmoja, tofauti isizidi sekunde 0.5. Batani iliyofungwa tangu asubuhi imeshapitwa na nusu sekunde yake zamani, kwa hiyo ukibonyeza ya pili mashine inanyamaza. Tena baada ya kila pigo ni lazima ziachiwe zote mbili ndipo pigo jingine likubaliwe. Yote haya hufanywa na rilei maalumu ndani ya paneli, kiboksi kidogo tu, ambacho kazi yake ni kuhesabu muda na kuhakikisha kila batani imerudi.

Kwa hiyo nikikuta blada na mashine inapiga kazi kama kawaida, ninajua mambo mawili kabla sijafungua paneli. Ama rilei haijawahi kuwekwa, na batani mbili zimeungwa kwenye waya mmoja zikifuatana kama swichi za taa, ama rilei ipo lakini mtu amepitisha kipande cha waya kuizunguka. Vyovyote iwavyo, aliyefunga blada amekuja wa mwisho. Kosa la kwanza lilifanywa na mtu mwenye bisibisi, na mara nyingi aliagizwa.

Presi yenye batani mbili unaweza kuijaribu mwenyewe bila kifaa chochote, na ningependa kila opareta aruhusiwe kufanya hivyo mwanzo wa shifti, meza ikiwa tupu na mtu mwingine asiwe karibu. Bonyeza ya kushoto uishikilie, hesabu sekunde moja au mbili, kisha bonyeza ya kulia: kichwa kisisogee. Badilisha mikono urudie. Halafu bonyeza zote pamoja, na kichwa kikiwa njiani kushuka achia moja: kisimame hapo hapo. Jaribu na ile nyingine vilevile, kwa sababu nimeona presi inayosimama ukiachia kulia na kuendelea ukiachia kushoto. Mwisho, shikilia zote mbili mpaka pigo liishe na uendelee kushikilia: kichwa kirudi juu, kitulie hapo, kisishuke tena. Na siku stima ikipotea, ambazo si chache, hakikisha ikirudi mashine haianzi yenyewe hata kama kuna batani iliyobonyea. Jaribio moja likifeli, zima, piga kufuli kwenye swichi kuu, ita fundi. Hapa ndipo ubishi huanza, kwa sababu kuna oda ya kumaliza na lori limeshasimama getini.

Linalosahaulika kuliko yote ni umbali. Watu hudhani batani ikishakuwa nje ya dai, mambo yamekwisha. Lakini mkono una mbio. Viwango huhesabu kwamba mkono wa mtu huenda milimita 1,600 kwa sekunde, yaani unaweza kuachia batani na kuwahi kurekebisha bati lililokaa upande kabla kichwa hakijasimama. Kwa hiyo mahali pa kuweka batani hupatikana kwa hesabu: muda ambao mashine inachukua kusimama kabisa tangu batani iachiwe, zidisha mara 1,600, ongeza milimita 250. Hiyo ni hesabu ya ISO 13855, toleo la 2010. Kama batani zina zile kofia za kuzuia mwili usiingie upande wa dai wakati zimebonyea, ile 250 inaweza kuondolewa, ilimradi umbali usiwe chini ya milimita 100.

Chukua presi inayosimama kwa sekunde 0.3. Zidisha upate 480, ongeza 250, ni milimita 730. Sasa breki yake ichakae. Inakuwa inasimama kwa sekunde 0.45, tofauti ambayo jicho haliioni na sikio halisikii. Umbali unaotakiwa umepanda hadi 970, lakini nguzo ya batani imekaa pale pale ilipofungwa, na kila mtu anaendelea kuamini yuko salama. Ndiyo maana fundi akikwambia anakagua batani bila kugusa breki, ujue amekagua nusu. Kuna kifaa cha kupima muda wa kusimama, na hata kiwanda kisichokuwa nacho kinaweza kukikodi pamoja na mtu anayejua kukitumia.

Hapa kwetu kuna adui mwingine ambaye vitabu vya mashine havimtaji sana. Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na karakana nyingi ziko wazi ili upepo upite. Chumvi ikikutana na mafuta ya kukatia bati na vumbi la chuma hufanya uji mweusi ambao huingia kwenye shina la batani. Springi inachoka, batani inabonyea vizuri lakini inarudi kwa uvivu, au inabaki chini nusu. Ndani nako nyuso za kugusana za swichi hushika kutu au hugandana. Kwenye mashine yenye rilei nzuri batani isiyorudi husimamisha kazi, jambo ambalo opareta huliona kama usumbufu na kumwita fundi kwa hasira. Kwenye mashine ya waya mmoja, batani isiyorudi ni blada isiyoonekana. Ninaposafisha batani huwa nazivua zote, naangalia springi kwa mkono, na zile za bei ya chini zilizovimba plastiki nazitupa hata kama bado zinawasha.

Kuna presi ambazo batani mbili zinakaribia kuwa mapambo, nazo ni zile za zamani zenye klachi ya pini. Gurudumu kubwa linazunguka wakati wote. Ukibonyeza, pini inachomoka na kushika, na kuanzia hapo kichwa kitashuka na kupanda mzunguko mzima hata ukiachia batani, hata ukilia. Hakuna breki ya kukisimamisha katikati. Kwa mashine kama hiyo batani mbili zinaanzisha tu, hazidhibiti. Kanuni za Marekani zinazikubali kwa sharti la umbali mkubwa: chukua nusu, ongeza moja iliyogawanywa kwa idadi ya nafasi ambazo klachi inaweza kushikia katika mzunguko mmoja, kisha zidisha kwa muda wa mzunguko mzima. Presi ya mizunguko 60 kwa dakika yenye nafasi nne itakupa sekunde 0.75, na kwa mwendo wa mkono hiyo ni mita 1.2. Yenye nafasi moja tu itakupa sekunde 1.5, ambazo ni mita 2.4. Nani anafanya kazi mita mbili na nusu kutoka kwenye dai? Kwa hizo mimi nasema wazi: jenga uzio wa chuma mbele ya dai, uache tundu la kupitisha bati lisiloweza kupitisha kidole, na uache kuhangaika na batani. Hata kwenye presi mpya, kazi ikiruhusu uzio, uzio ni bora.

Nirudi kwa wanaofunga. Katika kiwanda kimoja cha vifuniko nilikuta blada ambayo mpira wake ulikuwa umeng'aa kwa kukaa sana. Opareta alikuwa mtu mzima kutoka Mazeras, mpole, mwenye kuongea bila kuinua macho kutoka kwenye kazi.

"Mzee, hii blada umeiweka lini?"

"Sikuiweka mimi, fundi. Niliikuta. Na aliyenitangulia pia aliikuta."

"Ukiitoa?"

"Nikiitoa bati linahama. Keti wewe ufanye, uone."

Alinipisha. Nikakata blada, nikaweka bati, nikapeleka mikono kwenye batani zote mbili, na kabla sijabonyeza bati lilikuwa limeteleza upana wa kucha kuelekea kushoto. Kifuniko kilitoka na ukingo uliokatika. Nikaweka jingine, hali ile ile. Dai lilikuwa na vizuizi vitatu vya kukalisha bati mahali pake, na viwili vilikuwa vimelika hadi kuwa kama mbegu za papai. Mkono wa kushoto wa yule mzee ndio uliokuwa ukifanya kazi ya vile viwili. Alikuwa akilishikilia bati mpaka dai la juu linapoligusa, anauondoa mkono kwa mazoea ya miaka, pigo baada ya pigo. Vifuniko vilivyoharibika hawalipwi, na vilivyo vizuri hulipwa kwa idadi.

Fundi wa dai alivijaza vile vizuizi kwa kuchomelea na kuvipiga tupa mchana ule ule. Hakuna aliyemwambia mzee asifunge blada tena. Haikuwa na kazi.

Mashine ya pili yake haikuwa rahisi hivyo. Pale alikuwapo dada mfupi wa kimo, na nguzo ya batani ilikuwa imepimwa kwa mtu mrefu, kwa hiyo kila pigo alilazimika kuinua viwiko juu ya mabega. Fanya hivyo mara elfu kadhaa kwa shifti, kwenye joto la Februari, kaskazi ikiwa imelala na feni ikimpulizia supavaiza. "Bega linaniwaka hadi usiku," aliniambia. Alikuwa amefunga batani ya kushoto ili aupumzishe mkono huo, kisha wa kulia baada ya chai. Tulikata nguzo tukaishusha bila kupunguza umbali wake kutoka kwenye dai, tukambadilishia batani ngumu kwa za kiganja kipana zinazotaka nguvu ndogo. Suala la malipo kwa idadi nalo nililipeleka ofisini. Nikaambiwa hilo halihusu stima. Blada pale ilikuwa inapotea na kurudi, kutegemea wiki ilivyokuwa na oda nyingi au chache.

Kwenye nguzo ile ile kuna jambo jingine la kuangalia. Iwe imefungwa kwa bolti sakafuni au kwenye fremu. Nyingine zina magurudumu au zimesimama tu kwa uzito wake, na mtu akitaka kuwahi, au akifuata upepo wa feni, huivuta karibu. Hesabu yote ya milimita 730 inaondoka kwa msukumo mmoja wa mguu.

Na pedali. Presi nyingi zina kibadilishio cha kuchagua batani mbili au pedali ya mguu, na ufunguo wake nimeuona ukining'inia hapo hapo siku zote. Pedali inaacha mikono yote miwili huru, na mguu hauoni mikono iko wapi. Kama dai halina uzio, ufunguo huo ukae mfukoni mwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

Batani mbili zinamlinda anayezibonyeza tu. Bati likiwa kubwa, kunakuwa na msaidizi upande wa pili wa kulivuta, na yeye hana batani. Anategemea mwenzake amwone, kwenye kelele ambazo hata kuitana ni kwa mkono. Utaratibu unaotakiwa ni kila mtu awe na jozi yake, na kichwa kisishuke mpaka jozi zote zibonyezwe. Nimesikia ikiitwa anasa. Ni batani mbili za ziada, kebo na sehemu yake kwenye paneli. Na hata jozi zikitosha, batani haziwalindi watu dhidi ya dai lililopasuka likarusha kipande, wala dhidi ya kichwa kinachoteremka chenyewe fundi akiwa ameingiza mkono kubadilisha dai. Hapo ni gogo la chuma la kukizuia kichwa, na kufuli kwenye stima, kila mara.

Sheria ya Kenya haijanyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya viwanda, inamtaka mwajiri azikinge sehemu hatari za mashine, na pia inamkataza mfanyakazi kuchezea kwa makusudi kifaa cha usalama. Wakubwa huikariri sana hiyo sehemu ya pili. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa wafanyakazi ndani yake, na hapo ndipo blada inapaswa kujadiliwa badala ya mezani kwa afisa wa nidhamu. Ajali ikitokea, sheria ya fidia ya mwaka huo huo wa 2007 huchukua mishahara ya miezi 96 kama msingi, kisha kuizidisha kwa asilimia ya ulemavu. Mtu wa shilingi 20,000 kwa mwezi aliyepewa asilimia 10 anapata shilingi 192,000, mara moja, na anarudi kutafuta kazi ya mikono.

Sasa hivi ninachokutana nacho zaidi ni presi za mitumba. Zinashuka Kilindini ndani ya kontena, zimepakwa rangi ya kijani inayonukia upya, maandishi ya kwenye paneli ni ya lugha ambayo hapa hakuna anayeisoma, na mnunuzi ameshalipa kabla hajamwita fundi. Ukiniita kabla, nitafanya hivi. Nitauliza klachi ni ya pini au ya msuguano, ile inayoweza kuachia katikati ya mzunguko, maana jibu hilo peke yake linaweza kumaliza mazungumzo. Nitafungua paneli kutafuta rilei ya batani mbili na kuangalia kama kuna waya wa rangi ngeni uliounganishwa juu yake. Nitataka iwashwe pale pale tufanye yale majaribio ya kushikilia na kuachia. Nitapima breki. Nitapima kutoka batani hadi dai. Sheria yetu inamgusa pia anayeingiza na kuuza mashine, kwa hiyo muuzaji asijifanye hayamhusu. Akisema batani mbili zilitolewa kwa sababu zinachelewesha kazi, gharama ya kuzirudisha, pamoja na nguzo, rilei na siku za fundi, ikatwe kwenye bei yake kabla crane haijaipakia presi kwenye lori.